Pua ya Maabara

Saa kumi na robo alasiri, kengele ya mwisho imeshalia na wavulana wameshakimbilia uwanjani, wasichana kumi na mmoja walikuwa wakifuta meza za maabara kwa vitambaa vikavu. Mama Maabara alisimama mlangoni mwa stoo akihesabu mirija ya kioo ya majaribio. Alihesabu mara mbili, kama alivyofanya kwa miaka kumi na mitatu ya kazi yake, akapata arobaini na mbili, akaandika arobaini na mbili kwenye daftari. Kisha akauliza nani hajafunga nywele.

Alikuwa amekufa miezi mitatu iliyopita. Mkono wa kulia wa koti lake jeupe ulikuwa umeungua kuanzia kiwikoni, na nyusi hakuwa nazo, lakini mengine yote yalikuwa ya siku zote: kalamu mbili mfukoni, miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, viatu vya mpira visivyopiga kelele.

"Wewe wa dirishani," alisema, "kishungi hicho kirudishe nyuma."

"Ndiyo, mwalimu," akajibu Sindano.

Sindano alikuwa binti yake wa kumzaa, mwenye miaka kumi na mitano. Jina hilo alibandikwa darasa la tatu, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Shuleni alimwita mama yake mwalimu. Walikubaliana hivyo mama akiwa hai, na hakuna aliyekuwa amevunja makubaliano.

Klabu ya sayansi ya wasichana ilikuwa na wiki sita tu. Mfuko mmoja unaosaidia elimu ya mabinti ulileta kompyuta nane, masanduku mawili ya vifaa vya umeme mdogomdogo, na bango la rangi ya waridi la kutundikwa juu ya mlango. Masharti yalikuwa mawili: klabu ikutane baada ya masomo, na ikutane ndani ya maabara. Bango lilitundikwa siku hiyohiyo. Mwalimu wa kuifundisha hakupatikana. Wa fizikia alikuwa na masomo ya ziada ya kidato cha nne, wa kemia alisema mgongo unamsumbua, wa hisabati alisema atafikiria, na bado anafikiria.

Siku ya kwanza wasichana walikaa wakiyatazama masanduku. Kasuku, ambaye hata ukimjaza maji mdomoni ataongea, alikuwa katikati ya kisa cha jirani yao wakati mlango wa stoo ulipofunguka na Mama Maabara akatoka na kipande cha chaki.

"Kitu cha kwanza," alisema, "asiguse mtu swichi yoyote kabla sijasema."

Wakafungua madaftari, wakaandika hilo.

Kiranja alipopeleka habari ofisini, mkuu wa shule aliuliza jambo moja tu: kama marehemu amesaini kitabu cha mahudhurio. Alikuwa amesaini. Basi mkuu akamwingiza kwenye taarifa ya mfuko kama mwalimu wa kujitolea, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaonekana mwenye raha. Marehemu haugui, haombi ruhusa, haendi likizo ya uzazi.

Nyumbani Sindano aliishi na bibi yake, mzaa mama, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya miguu kwenye chumba cha mbele. Jioni ile alisimama kando ya cherehani mpaka bibi akaacha kukanyaga.

"Bibi, mama amerudi."

Bibi aliukata uzi kwa meno. "Amerudi wapi?"

"Shuleni. Anatufundisha saketi."

"Amekula?"

"Siku hizi hali."

"Na hapa kwake amesahau njia?"

Kesho yake bibi alivaa gauni lake la kutokea na kwenda kujionea. Alimkuta mwanawe akiwaonyesha wasichana jinsi ya kuchuna waya bila kukata nyuzi za ndani. Mama Maabara alipomwona aliweka koleo chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa mbona huji nyumbani? Mimi nimekukosea nini?"

Mama Maabara alitembea hadi mlango wa nje, akanyanyua mguu kuvuka kizingiti, na kabla kiatu hakijagusa sakafu ya veranda alikuwa hayupo pale. Mlango wa stoo ulifunguka naye akatoka tena, upande wa pili wa chumba, na koti lake lililoungua. Alifanya hivyo mara mbili ili bibi asije akadhani ni jeuri. Bibi aliona. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Haya," alisema. "Siku ile harufu hukuisikia?"

"Nilikuwa na mafua, mama."

Bibi hakuuliza zaidi. Lakini wiki nzima baada ya hapo, bibi akiwa peke yake na cherehani, Sindano alimsikia akilitamka neno hilo moja, mafua, kama mtu anayetaja jina la aliyemwibia.

Kilichotokea siku ile kilikuwa hiki. Mtungi mkubwa wa gesi ulisimama nyuma ya jengo. Bomba lake lilipita ndani ya ukuta wa stoo, likalisha koki za maabara, kisha likaendelea mpaka jiko la walimu, ambako chai ilichemshwa saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukutani mwa stoo bomba lilivuja. Mama Maabara alilisikia kwa pua, akamwandikia mkuu barua. Katika mwaka mmoja na nusu aliandika barua saba. Ya nne ilirudi na neno moja pembeni: *Imeonekana*. Asubuhi ya mafua aliingia stoo kuchukua mizani, akabonyeza swichi ya taa.

Tume ya watu watatu ilikuja, ikakaa nusu siku, ikanywa chai iliyochemshwa kwa gesi ya mtungi uleule, ikaandika chanzo cha ajali: uzembe wa marehemu. Ukuta wa stoo ukapigwa plasta mpya na rangi ya maziwa. Bomba lilibaki lilivyokuwa, ndani ya plasta.

Maneno yale matatu Sindano aliyajua kwa moyo. Alikuwa nayo akipiga mswaki, akipanda ngazi za shule, akimwamkia mkuu asubuhi. "Shikamoo, mwalimu," angesema, na ndani ya shikamoo hiyo meno yalikuwa yameumana.

Sasa, alasiri ile ya mirija arobaini na mbili, penseli ilimponyoka. Aliinama kuiokota chini ya meza ya ukutani, na alipokuwa huko chini alinusa, akanusa tena. Wiki zote hizo chumba kilikuwa kikinuka rangi mpya. Rangi ilikuwa imekauka, na chini yake kulikuwa na harufu ya mayai yaliyooza.

"Mwalimu," alisema akiwa bado chini ya meza, "huku kunanuka."

"Mimi pua haijarudi tangu siku ile," alisema Mama Maabara. "Inameni wote. Msinidanganye wala msinifurahishe. Nani anasikia?"

Waliinama. Mikono tisa ilinyooka. Bondia, msichana mnene wa kidato cha tatu aliyeweza kubeba madawati mawili kwa mpigo, hakunyoosha.

"Wewe husikii?"

"Nina mafua, mwalimu."

Mama Maabara alimtazama kwa muda mrefu sana, mpaka Bondia akaanza kuomba radhi.

"Hukukosea," akamwambia. "Fungueni madirisha, tokeni nje. Kesho tunaanza kutengeneza pua. Pua isiyoshikwa na mafua."

Kazi hiyo iliwachukua wiki tano. Kwenye masanduku ya mfuko kulikuwa na vihisi vya gesi vitatu, kila kimoja kama kifuniko cha chupa chenye wavu, ambavyo bila Mama Maabara vingekaa humo mpaka vioze. Hakuruhusu chochote kichomekwe kwenye umeme ndani ya maabara. Kulehemu walilehemu verandani, wakiwa wamechuchumaa kuzunguka waya mrefu uliotoka darasa la jirani, naye akiwaelekeza akiwa dirishani, mikono imefungwa nyuma kama anajizuia. Kihisi cha kwanza waliunguza kwa kugeuza waya. Cha pili kilifanya kazi siku mbili, kisha kikawa kinalia hata mtu akipita na manukato. Kwa cha tatu, Kasuku ndiye aliyegundua kwamba lazima kipashwe joto kwanza na kuachwa kitulie, kwa sababu siku hiyo alikuwa na hadithi ndefu kuliko kawaida, na alipoimaliza, namba kwenye kioo kidogo zilikuwa zimeacha kurukaruka.

"Kumbe domo nalo lina kazi yake," alisema Bondia.

"Andika," Mama Maabara akasema. "Dakika ishirini za kupasha. Andika na jina la aliyegundua."

Walikipima kwa kiberiti cha gesi kisichowashwa. Sindano alikibonyeza mbele ya wavu, gesi ikatoka bila moto, na king'ora kidogo kikalia kwa sauti nyembamba ya kukera. Wasichana walipiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuona. Mama Maabara hakushangilia. Alikuwa anatazama mkono wa binti yake, jinsi ulivyoshika kile kifaa bila kutetemeka, na Sindano aliliona hilo, na kwa muda huo mfupi hakuwa na hasira na mtu yeyote duniani.

Kifaa kilifungwa kwenye kisanduku cha plastiki chenye betri yake ndani, kikabandikwa ukutani kwenye usawa wa kifundo cha mguu, maana gesi hiyo ni nzito na hulala chini. Kilianza kulia saa hiyohiyo.

Kwa wiki nne waliandika namba. Mama Maabara, ambaye hakuwa na pa kwenda, alisoma za alfajiri. Wasichana walisoma za alasiri. Jumatatu alfajiri, chumba kikiwa kimefungwa tangu Ijumaa, namba zilikuwa juu kuliko siku nyingine yoyote, na hapo Mama Maabara alifungua madirisha yote sita kabla kidato cha nne hakijaja kuwasha vichomeo vyao vya gesi. Alikuwa akifanya hivyo kila siku tangu azikwe. Katika wiki ya tatu mtungi uliisha. Walimu walikaa siku mbili bila chai, na kwa siku hizo mbili pua ilinyamaza kabisa. Mtungi mpya ulipounganishwa, pua ilianza tena kulia kabla sufuria ya chai haijachemka.

"Hapo hata mimi nimeelewa," alisema Kasuku.

Sindano alichora mchoro wa namba hizo kwenye karatasi kubwa: mistari iliyopanda kila Jumatatu, na katikati, bonde la siku mbili lililoandikwa kwa kalamu nyekundu *hakuna gesi, hakuna chai*.

Bodi ya shule ilikuja Alhamisi ya mwisho ya mwezi pamoja na mwakilishi wa mfuko, mama mchangamfu mwenye kamera. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mstaafu wa heshima, mwenye kikohozi cha watu wakubwa. Wasichana walijipanga mstari. Sindano alisimama mbele ya mchoro wake, akaeleza kihisi ni nini, gesi hulala wapi, namba zinasema nini. Alipofika kwenye bonde, aliondoa kitambaa walichokuwa wamefunikia king'ora, na pua ikalia chumba kizima.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni maonyesho.

"Safi sana!" alisema mama wa mfuko, akapiga picha. "Mmekitegeshaje kilie?"

"Hatukukitegesha," Sindano akasema. "Gesi inavuja ukutani. Ndiyo iliyomuua mama yangu. Aliandika barua saba."

Makofi yalikatika. Mwenyekiti alikohoa. "Barua hizo ziko wapi, binti?"

"Nakala ziko kwenye droo ya tatu, mkono wa kushoto," alisema Mama Maabara kutoka mlangoni mwa stoo. "Zina tarehe."

Mwenyekiti alimgeukia mkuu. Mkuu alimwinamia na kumnong'oneza, lakini chumba kilikuwa kidogo na wote walisikia: kwamba kikanuni marehemu hawezi kuwa shahidi katika kifo chake mwenyewe.

"Ni kweli," mwenyekiti akakubali, kwa masikitiko. "Ana maslahi katika jambo hili."

Droo ya tatu haikufunguliwa. Wasichana walipewa vyeti vyenye nembo ya mfuko, kila mmoja chake, jina la Bondia likiwa limekosewa. Wageni walisindikizwa hadi chumba cha walimu kwa chai. Baada ya siku tano mkuu alijibu kwa barua, na ilikuwa ndefu kuliko neno moja: bodi imepokea kwa furaha ubunifu wa wasichana, na kwa kuwa marehemu hufungua madirisha kila asubuhi, hatari imedhibitiwa.

Jumatatu iliyofuata, Sindano alipita karibu na ukumbi wa mikutano, akaona vichomeo vimepangwa juu ya meza za kukunja, kila kimoja na mtungi wake mdogo. Kidato cha nne walikuwa wanafanya majaribio yao humo. Vidato vingine vilihamishiwa chumba cha jiografia. Mlangoni mwa maabara kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa: *Maabara haitatumika kwa masomo mpaka itakapotangazwa. Klabu ya wasichana iendelee kama kawaida.*

Aliisoma mara tatu. Kisha akaenda ofisini bila kubisha.

"Kumbe mlisikia," alisema.

Mkuu alikuwa na kikombe mbele yake. "Tulisikia nini?"

"Mmewahamisha."

"Ni utaratibu wa mitihani tu."

"Na sisi?"

"Nyinyi ni klabu. Klabu ni hiari, haijamlazimisha mtu. Halafu masharti ya mfuko yanasema klabu ifanyike maabara. Nikiwahamisha nitakuwa nimevunja mkataba. Unataka wenzako wanyang'anywe kompyuta?"

"Basi fungeni mtungi, mwalimu. Koki ni moja tu. Kuifunga ni dakika."

Mkuu alikitazama kikombe, akamtazama msichana, na kwa kweli alikuwa anashangaa. "Na chai?"

Sindano aliondoka. Kwa hasira hakuisikia hata kengele. Alimkuta Bondia kwenye bomba la maji, akamwambia maneno mawili, na Bondia hakuuliza la tatu. Walichukua spana kubwa kwenye sanduku la klabu, wakazunguka nyuma ya jengo, na saa nne kasorobo Bondia akaikaza koki ya mtungi kwa nguvu zake zote. Kisha wakairudisha spana mahali pake na kusaini kwenye daftari kwamba wameirudisha, kama walivyofundishwa.

Saa nne chai haikuchemka.

Saa nne na dakika ishirini kikao cha walimu wote kiliitishwa. Mama yake Sindano alipokufa, kikao kama hicho kiliitishwa siku ya tisa. Mwalimu wa kemia, yule wa mgongo, alikwenda mwenyewe nyuma ya jengo, akainama, akajaribu kuifungua koki kwa mikono. Mwalimu wa fizikia alisema huu ni ugaidi. Wa hisabati, aliyekuwa bado anafikiria, alisema yeye bila chai ya saa nne hafundishi. Mlinzi alitumwa kumleta fundi bomba, naye alifika kabla ya saa tano akiwa anahema, akaifungua koki.

Mchana huo bibi aliitwa shuleni. Alikuja na sindano tatu zikiwa zimechomekwa kifuani mwa gauni, maana aliacha kazi katikati. Alikaa mbele ya meza ya mkuu, Sindano amesimama nyuma yake.

"Mjukuu wako amehujumu mali ya shule," mkuu alisema.

"Amefanya nini hasa?"

"Amefunga koki ya gesi. Walimu thelathini na wawili wamekosa chai."

Bibi alimtazama kwa utulivu. "Poleni na msiba," alisema.

Sindano na Bondia walisimamishwa masomo wiki mbili. Fundi chuma aliletwa siku hiyohiyo kupima kizimba cha nondo cha kuuzungushia mtungi, kiwe na kufuli mbili. Alipoinama kupima alinusa, akasema hapa panavuja, jamani. Akaambiwa aliitwa kwa kizimba. Kesho yake saa tatu asubuhi kizimba kilikuwa kimeshafungwa. Kilikuwa kizuri, kimepigwa rangi ya fedha, na kilikuwa kitu cha kwanza kutengenezwa upande ule wa jengo tangu plasta.

Pua nayo iling'olewa ukutani, kwa sababu kelele zake zilisumbua mikutano. Betri ilitolewa, na kisanduku kikawekwa kwenye kabati la vioo ofisini, kati ya vikombe vya mpira wa miguu, cheti kikiwa kimeegemezwa nyuma yake.

Wiki zile mbili Sindano alikaa nyumbani akishona vifungo. Alishona kwa hasira, na bibi hakumkataza. Vifungo vya mashati yale havitang'oka mpaka watoto watakapomaliza shule. Siku ya nane alisimamisha sindano.

"Bibi, wewe huna hasira?"

Bibi aliendelea kukanyaga cherehani. "Ninayo ya kutosha," alisema. "Naitumia kidogokidogo. Nataka inifikishe mbali."

Siku aliyorudi shuleni alikuta klabu iko verandani. Viti vilikuwa vimepangwa chini ya madirisha, kompyuta ziko juu ya madawati, na waya mrefu umetoka darasa la jirani. Kasuku alimweleza. Asubuhi ya kwanza baada ya pua kung'olewa, Mama Maabara alisimama kizingitini na kusema kwamba kuanzia siku hiyo atakayeingia humo ndani yeye hamjui.

Sindano aliingia.

Chumba kilinuka mpaka juu. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda kirefu karibu na ubao, amevaa miwani, anasahihisha madaftari.

"Nimesemaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Twende nje, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo ndani ya chumba kile. Mama Maabara aliweka kalamu chini. Hakukataa. Alinyoosha mkono wake wa kulia, ule wa koti lililoungua, Sindano akaushika, nao ulikuwa na uzito na vumbi la chaki kama mkono wa mtu yeyote. Walitembea pamoja kati ya meza. Wasichana verandani walisimama kuwapisha. Sindano alivuka kizingiti akiwa amekaza vidole kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na alipogeuka vidole vilikuwa vimejishika vyenyewe.

Mlango wa stoo ulilia. Mama Maabara alitoka, akajipangusa koti, akaja mpaka dirishani.

"Umeumia?" aliuliza.

Sindano alitikisa kichwa. Hakulia. Alipiga ukuta teke moja, la pili, la tatu, na mama yake alimwacha apige hadi akachoka.

"Na wewe humo?" alisema mwishowe. "Kila siku, peke yako, na hiyo gesi?"

"Mimi yalishanipata," alisema mama yake. "Kaa. Tumebaki nyuma kwa wiki mbili."

Basi masomo yakaendelea hivyo. Kwa kuwa ubao haukuonekana vizuri kutoka nje, Mama Maabara aliloweka chaki na kuandika moja kwa moja kwenye vioo vya madirisha. Alijizoeza kuandika kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili wao walio nje wasome sawasawa. Baada ya wiki tatu mwandiko wake wa kinyume ulikuwa mzuri kuliko ule wa kawaida. Mvua ilipopiga walijibana ukutani na kufunika kompyuta kwa makoti. Mama mmoja alimtoa binti yake klabuni. Wengine wanne walijiunga. Taarifa ya mfuko ya muhula huo ilisema: wanachama kumi na wanne, mwalimu mmoja, maabara inatumika. Mfuko ulijibu kwa pongezi na kutuma bango la pili.

Mwaka mpya ulipoanza, Sindano akiwa amepanda kidato cha nne, alikuja msichana mdogo wa kidato cha kwanza, soksi zimevutwa mpaka magotini, daftari amelikumbatia. Alisimama kidogo akichungulia dirishani, kisha akamwinamia Sindano.

"Dada," alinong'ona, "mbona mwalimu yuko ndani peke yake?"

Sindano alikuwa ameshika waya mwekundu kwa koleo na hakuinua macho. "Ndiko walikomwacha," alisema.

Msichana akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza. Nyuma ya kioo Mama Maabara alikuwa ameanza kuandika somo, herufi moja moja, kinyume. Gesi inapovuja. Moja, dalili zake. Na chini yake mistari mitano. Mbili, namna ya kupima. Mistari minane na mchoro. Tatu, nani aambiwe. Hapo alisimama na chaki mkononi, maji ya chaki yakimtiririka kwenye mkono wenye koti lililoungua, wasichana kumi na watano wakisubiri na kalamu zao. Kisha akaweka nukta mbili, akapaacha wazi, akahamia dirisha la pili.